USINGIZI WA MFANYA KAZI SI UVIVU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wafanya kazi wa zamu za usiku)



Tumeombwa tuseme habari ya usingizi na ugonjwa wa kansa. Baadhi yenu mmecheka kusikia kuwa chama kitahutubia watu juu ya kulala. Chekeni, lakini tazamaneni kwanza. Hapa wamo walinzi, wauguzi, wapakuzi wa bandarini, waoka mikate na madereva wa malori. Wengi wenu hamkulala jana usiku, wala hamkukesha ngomani.

Mwaka 2007 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza asili ya kansa, ambao makao yao ni Lyon katika Ufaransa, waliipima kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili. Wakaitia katika daraja la mambo ambayo yaelekea huleta kansa kwa binadamu. Mwaka 2019 wakaipima tena, na daraja halikubadilika. Lishikeni neno hilo "yaelekea". Sigara na pombe zimo katika daraja la juu zaidi, la mambo yaliyokwisha thibitishwa.

Mambo yenyewe ni hivi. Mwili una saa yake. Giza likiingia, tezi ndogo iliyomo ubongoni hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo huuarifu mwili kuwa ni usiku. Mwanga mkali ukimpiga mtu machoni saa nane za usiku, homoni hiyo hupungua. Mtaalamu wa Marekani, Richard Stevens, alitoa wazo mwaka 1987 kwamba taa za usiku zaweza kuwa na sehemu katika kansa ya matiti. Mwaka 2001 ikatolewa habari ya wauguzi wa Marekani waliofuatwa kwa miaka mingi: wale waliofanya zamu za usiku za kupokezana, walau siku 3 kwa mwezi, kwa miaka 30 au zaidi, walipatwa na kansa ya matiti kwa asilimia 36 zaidi ya wenzao wasiozifanya. Lakini uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016 haukuona tofauti. Basi asitoke mtu hapa akatangaza kuwa chama kimesema kila mlinzi atakufa kwa kansa.

Mzee mmoja ametuuliza pale mlangoni: "Wajukuu zangu, baba yangu alilinda shamba usiku nguruwe wasile mihogo, wala hakuugua ugonjwa huo. Mwasemaje?" Twamjibu kwa heshima. Mzee wetu, baba yako alikaa gizani na moto wake mdogo, na msimu ukiisha alirudi kulala kitandani. Kijana wa leo yu chini ya taa za umeme wiki hii usiku, wiki ijayo mchana, kisha usiku tena, mwaka hata mwaka. Na tena, wako wavutao sigara hata uzeeni wasipate kansa, lakini hilo haliifanyi sigara kuwa maziwa.

Tena usiku hauji peke yake. Mlinzi huwasha sigara asisinzie. Asubuhi jua limewaka, watoto wanapiga kelele, redio ya jirani inalia. Usingizi hauji, basi hupita kwa muuza gongo apate kulala. Chakula chake ni maandazi na chai ya sukari nyingi kwa saa zisizo na mpango. Wengine humwambia, "Badili tabia yako." Sisi twasema aache sigara na gongo, kwani madhara yake hayana shaka. Lakini anayemlaumu kwa tabia bila kuitazama ratiba yake ya kazi ameona nusu tu ya jambo.

Tuitazame hiyo nusu nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 yasema kazi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni kazi ya usiku, na mfanya kazi alipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Mwenye kulipwa shilingi 1,000 kwa saa huongezewa shilingi 50. Hiyo ndiyo bei ya usingizi wake! Sheria hiyo hiyo yamkataza mwajiri kumweka usiku mtu ambaye daktari ameandika kuwa hawezi kazi hiyo. Ni wangapi hapa waliojua? Mikono ni michache.

Katika Denmark, mwaka 2009, habari zilienea kwamba karibu wanawake 40 wenye kansa ya matiti, waliofanya kazi usiku kwa miaka mingi, walilipwa fidia. Hawa walikuwa na vyama vya wafanya kazi vyenye nguvu, na kumbukumbu za zamu zao zilikuwapo. Wengi wetu hatuna hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba tumekesha. Na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 wataka mfanya kazi wa usiku apimwe afya bure anapoomba. Hayo ndiyo ya kudai mezani: zamu zisizobadilishwa ovyo, siku za kupumzika baada ya kukesha, na kupimwa.

Na nyumbani je? Wanaume wenzetu, tusikilizane. Muuguzi akirudi saa mbili asubuhi hukuta vyombo na mtoto wa kuogeshwa, na mumewe aliyelala usiku kucha anauliza chai iko wapi. Mwachieni chumba chenye pazia zito, alale. Akiona uvimbe katika titi, aende hospitali upesi, asimalize miezi kwa mitishamba. Na wasichana wapelekwe kupata chanjo ya kuzuia kansa ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018.

Katibu wa tawi amefungua daftari. Kila mwenye zamu ya usiku aandikishe jina lake, mahali pa kazi, na tangu mwaka gani anakesha. Wanaoingia kazini jioni hii waandikishwe kwanza.