Kiungulia Baada ya Matibabu ya Moyo: Mada kwa Wauguzi na Wenye Maduka ya Dawa, Awindiri, Arua



Maana ya maneno

Kiungulia mnakijua: asidi ya tumbo hupanda kwenye umio na kuchoma kifua. Chakula kutosagika ni tumbo kujaa, gesi na kichefuchefu. Matibabu ya moyo ni yale ambayo watu wetu huyafuata Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago: kubadilishiwa vali, kuwekewa stenti kwenye mshipa wa moyo, au kifaa cha kurekebisha mapigo. Hapo tusikae.

Chanzo

Aspirini hudhoofisha utando unaolinda tumbo. Amlodipini na nifedipini, dawa za presha, hulegeza mlango wa chini wa umio. Vidonge vya madini ya chuma na doksisaiklini, vikimezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akalala, huunguza umio. Basi kiungulia kwa aliyetibiwa moyo si ajabu. Ajabu ni kwamba anaruhusiwa kurudi nyumbani bila kuambiwa kitakuja.

Tatizo lenyewe

Kutoka Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Mgonjwa hushuka kwenye basi na bahasha ya karatasi za Kiingereza, huifungia sandukuni, na tumbo likichoma huenda duka la jirani. Dukani kila kitu ni "alsa", yaani vidonda vya tumbo: gesi ni alsa, kiungulia ni alsa, hata maumivu ya kifua. Sisemi kwa niaba ya Wizara ya Afya wala hospitali yoyote. Lakini hili nimelisema vikao vingi, wajumbe wakatikisa kichwa kukubali, na pakiti ya dawa za alsa bado inauzwa bila kipimo.

Pakiti yenyewe ina dawa tatu: lansoprazoli, klaritromaisini na tinidazoli. Kwa aliyepimwa akakutwa na bakteria wa tumbo, ni dawa nzuri. Kwa mwenye vali ya chuma anayemeza warfarini ya kuzuia damu kuganda ni hatari, kwa sababu klaritromaisini na tinidazoli huzuia ini kuivunja warfarini, nayo hujilimbikiza mwilini. INR, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda, ambayo kwake kwa kawaida hutakiwa iwe kati ya 2 na 3.5, hupanda. Ndani ya siku chache fizi zinavuja damu, choo kinakuwa cheusi kama lami. Familia ikiona choo hicho husema, kumbe kweli ilikuwa alsa! Wanarudi kununua pakiti ya pili.

Mwenye stenti naye ana balaa lake. Jirani humwambia aspirini ndiyo inayomchoma, aiache. Akiiacha pamoja na klopidogreli, dawa mwenzake ya kuzuia damu kuganda, kabla ya muda aliopangiwa, ambao baada ya shambulio la moyo mara nyingi ni miezi 12, damu yaweza kuganda ndani ya stenti. Maumivu yanayofuata nayo huitwa kiungulia, naye hupewa magnesiamu ya kutafuna. Omeprazoli nayo hupunguza nguvu ya klopidogreli. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2009. Pantoprazoli ni afadhali.

Dawa za nyumbani nazo si salama. Maji ya kabichi mbichi yana vitamini K inayopunguza kazi ya warfarini. Magadi na soda ya kupikia huongeza chumvi mwilini, na moyo dhaifu hujaza maji miguuni. Majani ya kunde, yenye vitamini hiyo pia, siyakatazi, nani angenisikiliza? Mgonjwa ale kiasi kilekile kila wiki.

Mapendekezo

Kila duka liulize swali moja kabla ya kuuza dawa ya tumbo: umewahi kutibiwa moyo, unameza dawa ya kuzuia damu kuganda? Akijibu ndiyo, pakiti isiuzwe. Dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, nazo zisiuzwe kwake, hata akisema kifua kinauma tangu apasuliwe.

Maumivu yanayokwenda mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho baridi, yapelekwe Hospitali ya Rufaa ya Arua mara moja. Choo cheusi vivyo hivyo, ila muulize kwanza kama anameza madini ya chuma, maana nayo hukitia weusi; ukiwa na shaka, mpeleke.

Aspirini imezwe baada ya chakula, na isiachwe bila daktari. Narudia: isiachwe. Chakula cha usiku kiliwe masaa matatu kabla ya kulala, na miguu ya kitanda upande wa kichwa iwekewe tofali. Anayetaka kufunga Ramadhani aje kabla ya mwezi kuandama tupange saa za dawa, asizimeze zote wakati wa futari juu ya sambusa.

Hospitali zinazomruhusu mgonjwa zimwandikie karatasi ya pili, kwa Kilugbara au Kiswahili, yenye majina ya dawa asizopaswa kuuziwa. Vituo vya afya vipatiwe mashine ndogo za kupimia INR. Ombi hilo ni la zamani, nalileta tena. Na pakiti, nasisitiza, isiuzwe bila kipimo.

Bei ya pantoprazoli najua mtaniuliza. Tuijadili baada ya chai, mwenye bei ya jumla aje nayo.