Mtoto Akidhuriwa na Dawa

Najua saa hizi wengine wenu mko jikoni, na wengine ndio mmefika kutoka kupimisha majani, kikapu bado kiko mlangoni. Endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Leo tunazungumza juu ya dawa ambayo haikosi katika nyumba nyingi huku kwetu, Septrin.

Chukua mfano huu. Mtoto wa miaka 3, tuseme wa Litein, anaendesha. Mama ananunua chupa ya Septrin dukani. (Kuendesha kwingi hakuhitaji dawa hiyo, kunataka maji ya ORS na zinki, lakini hayo tutayaongea siku nyingine.) Siku ya 5 tumbo limetulia, na chupa inawekwa juu ya kabati ikiwa nusu. Siku ya 10 mtoto anashikwa na homa. Macho ni mekundu, midomo ina vidonda, mwili una mabaka. Nyanya anasema ni surua. Jirani anasema ni malaria. Mama anaikumbuka ile chupa, anampa mtoto kijiko kimoja, na kingine jioni.

Hapo ndipo hatari ilipo, mama. Septrin ina salfa. Watu wengi huimeza bila shida, na watoto waliozaliwa na mama mwenye virusi vya HIV hupewa kila siku kuanzia wiki ya 6 ili kuwakinga, kwa hivyo usiikatae ukipewa kliniki. Lakini kuna wachache ambao mwili wao huikataa. Tena mara nyingi si siku ile ile. Huweza kuwa baada ya wiki 1, 2 hata 3, wakati dawa imekwisha na umeisahau. Muuguzi akikuuliza mtoto amekunywa dawa gani mwezi huu, mwambie zote, pamoja na miti shamba. Beba chupa yenyewe hata ikiwa tupu. Huenda akakugombeza. Mwambie hata hivyo.

Vitabu husema tazama wekundu. Ngozi ya watoto wetu haiwi nyekundu kama ile ya picha, mabaka huonekana meusi au ya zambarau. Basi tazama macho, fungua mdomo, angalia na sehemu za siri. Ukiona vidonda huko, au malengelenge, au ngozi inachubuka kama ya aliyemwagikiwa na maji moto, usimpe tena dawa hiyo. Mpeleke hospitali usiku huo huo, iwe Kapkatet, Longisa, Tenwek au Kericho. Usingoje kuche.

Sindano ya penisilini ikimdhuru mtu, kwa kawaida hufanya hivyo upesi, mara nyingi ndani ya saa moja. Midomo huvimba, kifua hulia kama filimbi, mtoto hulegea. Muuguzi akisema ukae kwenye benchi nusu saa, kaa, hata kama matatu inapiga honi.

Nyanya zetu watakumbuka Fansidar. Tangu 1998 ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Kenya, mpaka serikali ilipoamua kuibadilisha mwaka wa 2004, na dawa mpya ikafika vituoni 2006. Hiyo nayo ilikuwa na salfa. Kama iliwahi kukuchubua ngozi, sema hivyo kabla ya kupokea Septrin, hata iwe ni miaka 20 iliyopita.

Na dawa za TB au ARV je? Ukiona upele au macho ya manjano, usiziache kimyakimya nyumbani. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, wao ndio watakaojua ya kubadilisha.

Mtoto akishatibiwa, mwombe muuguzi aandike jina la dawa iliyomdhuru kwenye kijitabu chake cha kliniki. Kuna pia fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu, ya kutoa habari dawa inapomdhuru mgonjwa. Muulize kama ameijaza. Halafu ukifika nyumbani, mwambie nyanya, na yule msichana anayebaki na mtoto ukiwa shambani. Septrin huuzwa kwa majina mengi, kwa hivyo dukani waseme tu, "Mtoto huyu hapewi salfa."