Kurudisha maji kinamasini bila ugomvi



Udongo mweusi wa kinamasi ni mabaki ya majani yaliyolala majini maelfu ya miaka. Tukichimba mifereji unakauka, unaoza na kutoa hewa ya ukaa inayoongeza joto duniani. Maji yakirudi, hewa hiyo inapungua, ingawa gesi ya metani huongezeka kiasi.

Kwa jirani zetu Rwanda, kinamasi cha Rugezi kilikaushwa. Mvua nayo ikapungua, ziwa Burera likashuka, na kufikia 2004 umeme wa Ntaruka ulikuwa haba. Serikali ilikataza kilimo humo, maji yakapanda. Lakini wakulima walipoteza mashamba.

Basi, kabla ya kuziba mfereji, tukae na wanaolima pale, tukubaliane watalima wapi. Tukiwaruka, tutaokoa udongo na kuanzisha ugomvi mpya.