UMEME WA JUA MAJUMBANI: JE, FAIDA YAKE INALINGANA NA GHARAMA?

(Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya masheha na wenye nyumba)





Suala nililotakiwa kulieleza ni hili ambalo wananchi wengi huliuliza: je, mwenye nyumba akitoa fedha zake kununua mitambo ya umeme wa jua, hupata faida inayolingana na gharama hiyo? Jawabu lake si moja kwa watu wote. Hutegemea mahali nyumba ilipo, matumizi ya wenyewe, na ubora wa vifaa.

Kwanza tukumbuke hali ya visiwa vyetu. Unguja ilianza kupokea umeme wa gridi ya Taifa kutoka Tanzania Bara mwaka 1980, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba ilitegemea mashine za dizeli za Wesha hadi mwaka 2010, ulipofika waya kutoka Tanga. Kuanzia mwezi wa Mei 2008 Unguja ilikosa umeme kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kisha, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kiza kilitanda kwa miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, akina mama wakahangaika na ndoo, samaki wakaoza katika mafriza, na aliyekuwa na jenereta alitumia fedha nyingi kwa mafuta. Mwaka 2013 Unguja ilipata waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100, kwa msaada wa Serikali ya Marekani, na hali ikatengemaa. Hata hivyo, funzo lilibakia: nyumba yenye njia moja tu ya kupata nuru haina pa kukimbilia njia hiyo inapokatika.

Ndugu wananchi, wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kwenda dukani, mtu akae na karatasi na kalamu. Aandike kila kifaa, wati zake, na saa kitakazotumika kwa siku, kisha azidishe.

Tuchukue nyumba ya kawaida. Taa 6 za wati 5, zikiwaka saa 5, hutumia wati-saa 150. Panka moja la wati 50 kwa saa 8 ni wati-saa 400. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Kuchaji simu tuweke 30. Jumla ni wati-saa 740 kwa siku, yaani pungufu ya uniti moja, kwa kuwa uniti moja ni wati-saa 1,000.

Jua la visiwani kwetu, kwa hesabu za mafundi, ni sawa na takriban saa 5 za jua kali kwa siku, na hupungua wakati wa masika. Tukigawa 740 kwa 5 tunapata wati 148. Lakini sehemu ya nguvu hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri. Kwa hiyo nyumba hii itahitaji paneli ya wati 250 hivi. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 itaitosha. Akichagua betri ya risasi na asidi, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya nguvu yake, atahitaji ya ampea-saa 150. Na akitaka friji, ajue kwamba friji peke yake huweza kuzidisha mahitaji yote mara mbili. Pasi na jiko la umeme ndiyo kabisa visihesabiwe katika mtambo mdogo wa namna hii.

Sasa tuje kwenye fedha. Mtambo huo, ukitumika kikamilifu kila siku, hutoa takriban uniti 270 kwa mwaka, na uniti 2,700 kwa miaka 10. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu na si bei ya dukani, mtu amelipa shilingi 1,620,000 pamoja na ujira wa fundi. Kila uniti itakuwa imemgharimu shilingi 600. Achukue basi risiti yake ya TUKUZA, atazame bei anayolipa kwa uniti, alinganishe.

Mwenye nyumba ambaye tayari ameungiwa umeme wa Shirika aelewe wazi kwamba mtambo wenye betri, kwa nia ya kupunguza malipo ya mwezi peke yake, mara nyingi hauleti faida ya haraka. Anachonunua ni amani ya kuwa na taa na panka umeme unapokatika. Hiyo ni faida ya kweli, hasa penye mgonjwa, mtoto mchanga au mwanafunzi wa mtihani, lakini aihesabu kwa jina lake.

Ama nyumba iliyo mbali na nguzo, hukumu yake ni nyengine. Huyo halinganishi na risiti ya TUKUZA. Analinganisha na gharama ya kuletewa nguzo, na mafuta ya taa, mabetri ya tochi, nauli ya kwenda kuchaji simu, na moshi wa kibatari unaoingia katika vifua vya watoto. Kwake yeye, hata mtambo mdogo wa taa tatu huweza kurejesha gharama yake.

Ndugu zangu, rahisi ghali. Paneli nzuri huweza kufanya kazi miaka 25, ingawa nguvu yake hupungua kidogo kidogo. Kinachochakaa mapema ni betri. Ya risasi kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, na ya lithiamu, ikitunzwa, huweza kufika 10. Anayenunua ya risasi kwa sababu ya bei aweke akiba ya kununua nyengine. Adai risiti na dhamana ya maandishi. Anayelipa kwa awamu aulize kwanza bei ya taslimu, jumla ya awamu zote, na nini kitatokea akichelewa, ndipo atie saini.

Katika ufungaji, paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo mdogo, kwa kuwa visiwa vyetu viko kusini ya ikweta, takriban digrii 6. Zisifunikwe na kivuli cha mwembe wala mnazi. Misumari na vyuma viwe visivyoshika kutu, maana hewa ya chumvi haisamehe. Zipanguswe vumbi na kinyesi cha kunguru. Kazi hii haihitaji shahada. Hapa Unguja wamo akina mama wa vijijini, wengine hawakupata skuli ya kutosha, waliofundishwa kufunga na kutengeneza mitambo hii, na kazi zao zinaonekana.

Jambo la mwisho ni betri zilizokufa. Zisitupwe mabondeni wala kuvunjwa uani. Ardhi yetu katika sehemu nyingi ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji ya visima vyetu yako chini yake. Risasi na asidi vikimwagika juu hushuka kwenye maji tunayokunywa. Masheha wanaombwa wawahimize wananchi kuzirejesha kwa wauzaji.

Kwa ufupi: aliye mbali na nguzo, umeme wa jua unamfaa, na aanze kwa kadiri ya uwezo wake. Aliye na umeme wa Shirika, anunue kwa ajili ya dharura, na kwa kipimo cha dharura. Na wote wawili, waanze na karatasi na kalamu.