Hotuba juu ya Sauti za Kifua



Wengi mmekwisha kumwona mganga wa hospitali akiweka chombo chake juu ya kifua cha mgonjwa, kisha akanyamaza kusikiliza. Chombo hicho kilibuniwa Paris mwaka 1816 na Laennec, daktari Mfaransa; mwanzo wake ulikuwa karatasi iliyokunjwa kama bomba. Je, husikia nini?

Pafu zima hutoa sauti laini, mfano wa upepo majanini. Sauti ya mluzi yaonyesha kuwa njia za pumzi zimebana, kama ilivyo katika pumu. Mchakacho kama wa nywele zisuguliwazo karibu na sikio, au wa chumvi motoni, mara nyingi waonyesha ugonjwa ndani ya pafu, kama vile nimonia. Kadhalika mganga hugonga kifua kwa kidole. Debe tupu hulia, debe lenye maji huitika kwa uzito. Ndivyo kinavyojulikana kifua kilichoingiwa na maji.

Lakini liko neno liwapasalo hasa ninyi mkaao Geita, Kahama na Shinyanga, penye machimbo ya dhahabu. Vumbi la mwamba, litokalo watu wachimbapo duarani au wasagapo mawe katika karasha, lina chembe zisizoonekana kwa macho. Huingia ndani kabisa ya mapafu, zikakaa humo, na polepole huyafanya magumu kama kovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, tena hukifungulia mlango kifua kikuu. Na hatari yake ni hii: siku za mwanzo kifua cha mgonjwa huweza kusikika safi kabisa.

Basi mchimbaji asitulie kwa kuwa sauti ya kifua chake ni njema. Na apigwe picha ya eksirei. Na akikohoa majuma mawili au zaidi, akapimwe makohozi. Kifua kikuu hupona kwa dawa, nazo hutolewa bure. Ila sharti zimezwe mpaka mwisho, kwa kawaida miezi sita. Tena mwamba uloweshwe maji kabla ya kutobolewa na kusagwa, maana kitambaa puani hakitoshi.

Wazee na walimu, maneno yenu husikilizwa. Mwonapo mtu akikohoa, msiseme amerogwa, wala msingoje adhoofike. Mpelekeni zahanati mapema, angali na nguvu za kutembea.