Upasuaji wa Kupunguza Uzito na Maisha Yanayoufuata



Upasuaji wa kupunguza uzito humalizika kwa saa chache, lakini uangalizi wake hudumu umri wote wa mgonjwa. Wengi huulizia kisu na gharama yake. Ni wachache wanaoulizia chakula, dawa na kliniki za miaka inayofuata, ilhali huko ndiko matibabu haya yanakofaulu au kushindwa.

Si kila mwenye mwili mkubwa anayestahili upasuaji. Daktari hugawa uzito wa mtu katika kilo kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 110 mwenye urefu wa mita 1.6 hupata takribani 43. Kwa miaka mingi kiwango kilichofuatwa kilikuwa 40, au 35 kwa aliye na maradhi yatokanayo na uzito. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilipendekeza 35 hata pasipo maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Anayetaka tu nguo ya harusi imkae vizuri hahusiki na huduma hii.

Puto, ambalo wengi wamelisikia kwa kuwa huwekwa pia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, si upasuaji. Huingizwa tumboni kupitia kinywani kwa msaada wa mpira wenye kamera, kisha hujazwa ili mgonjwa ashibe mapema. Aina nyingi hukaa miezi sita, nyingine hadi mwaka mmoja, kisha huondolewa. Siku za kwanza huja na kichefuchefu na kutapika. Baadhi hujazwa maji yenye rangi ya buluu. Mkojo ukibadilika kuwa wa kijani au buluu, huenda puto limevuja, na mgonjwa anapaswa kurudi hospitali siku hiyohiyo. Puto likishatolewa, uzito hurejea upesi kwa asiyebadili mlo wake.

Upasuaji wenyewe hufanywa zaidi kwa njia mbili, na siku hizi mara nyingi kwa matundu madogo. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takribani robo tatu au zaidi, hukatwa na kutolewa, ukabaki mrija mwembamba. Kilichotolewa hakirudishwi. Njia hii huweza kuzidisha kiungulia kwa mwenye tatizo hilo, naye hana budi kulisema mapema. Katika ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mbele zaidi, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Hii husaidia zaidi wenye kisukari, lakini hupunguza ufyonzwaji wa madini na vitamini. Kwa kawaida mgonjwa hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake katika mwaka mmoja au miwili.

Kabla ya upasuaji, mgonjwa hupimwa damu, moyo na upumuaji, huacha sigara, na mara nyingi huwekwa kwenye mlo maalumu ili ini lisinyae. Baada yake huhimizwa kutembea mapema ili damu isigande miguuni. Vifo ni vichache, lakini hatari ipo. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo au pumzi kubana ni dalili za kurudi hospitali bila kusubiri asubuhi.

Chakula huanza na maji na supu iliyochujwa, hufuata vilivyosagwa, kisha laini, na baada ya wiki sita hadi nane chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo sana. Yai, samaki au maharage hutangulia. Ugali ni wa mwisho, tena tonge chache. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Soda na vitu vitamu vinaweza kuleta kizunguzungu, jasho na kuharisha. Mwenyeji anayezoea kumsihi mgeni aongeze tonge hana budi kujifunza kunyamaza.

Jambo linalosahaulika kwa hatari kubwa ni dawa za zamani. Sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata mwili haujapungua. Anayeendelea na insulini au vidonge kwa kipimo kile kile anaweza kuzirai nyumbani. Kipimo kipya lazima kitolewe na daktari. Vilevile dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hununuliwa kirahisi katika duka la dawa, huweza kusababisha vidonda, hasa kwa aliyefanyiwa njia ya pili. Vitamini na madini hutumiwa maisha yote, na ujauzito huahirishwa kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Kuna na adha isiyo ya kitabibu. Mtu akikonda ghafla mtaani, majirani hunong'ona kuwa ana maradhi ya siri, na ngozi iliyolegea huzidisha maneno. Wapo wanaoacha kliniki kwa kukwepa macho ya watu. Familia iliyoelezwa mapema humwondolea mgonjwa mzigo huo.

Anayehitaji huduma aanzie zahanati au kituo cha afya, apimwe, kisha apewe rufaa. Mwenye bima aulize kwanza kama gharama zinalipwa, zikiwamo za vitamini na kliniki za baadaye. Akiruhusiwa kutoka hospitali, aje na barua inayotaja aina ya upasuaji na dawa zilizobadilishwa, nakala moja ibaki katika jalada lake hapa kituoni.