Neno la Wanakwaya Wanafunzi wa Muziki

 

Tumepewa dakika tano tueleze jinsi mwanafunzi wa muziki anavyoishi hapa Nairobi. Wengi wenu hutuona Jumapili tu, tukiwa tumevaa majoho yaliyopigwa pasi. Leo tunaomba tuwaonyeshe Jumatatu.

Wengi wetu tulianzia Tamasha la Muziki la Kenya, lile lililoanza mwaka wa 1927, tukiimbia shule zetu za mashambani. Kule unaweza kuimba ukichota maji na hakuna anayelalamika. Hapa tumepanga vyumba vya bedsita kando ya Barabara ya Thika, na kuta ni nyembamba hata tunajua jirani anapika nini na anadaiwa na nani. Mwanafunzi wa sheria hufungua kitabu chake kimya kimya. Masomo yetu sisi yanasikika. Ukijaribu skeli moja saa moja asubuhi, mlango unabishwa: ni askari wa usiku, ametoka kazini, anaomba alale. Ana haki. Mwenzetu mmoja hupiga tarumbeta akiwa ameielekeza ndani ya kabati, katikati ya makoti, na bado msimamizi wa ploti humpigia simu.

Chuoni piano zipo, ila wanaozingojea ni wengi kuliko piano zenyewe. Na mitihani yetu si ya kukesha usiku mmoja. Unaketi mbele ya walimu, na vidole vinasema vyenyewe kama vilifanya kazi muhula mzima.

Halafu kuna nauli. Gitaa ndani ya matatu huhesabiwa kuwa abiria, hasa jioni mvua ikinyesha. Pesa tunazitafuta kwa kufundisha watoto piano majumbani na kupiga kinanda kwenye arusi. (Wanaotuuliza mbona Jumamosi tunachelewa mazoezi, jibu ni hilo: saa tisa keki huwa bado haijakatwa.)

Miaka mitatu iliyopita, wazee mlitukabidhi ufunguo wa ukumbi. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, tunafanya mazoezi kwa ile piano ya zamani, pamoja na kitufe chake kimoja kisicholia. Wenzetu wanne walijitayarishia mtihani wao wa mwisho hapo.

Kwaya nayo ilitupa kitu ambacho hatukukitarajia. Chuoni tunasoma nota za mistari mitano. Hapa tuliwakuta mama zetu wa alto wanaosoma sol-fa kama mtu anavyosoma barua kutoka nyumbani. Mfumo huo ulienezwa na mchungaji Mwingereza, John Curwen, katika karne ya 19, ili watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma. Tulidhani ni mambo ya kizamani, mpaka tulipotakiwa darasani tuimbe ukurasa mgeni bila ala yoyote. Sauti tulizozoezwa hapa Alhamisi jioni ndizo zilizotuokoa.

Sasa tumesikia kwamba kamati inafikiria kukodisha ukumbi siku za wiki. Hatupingi. Paa linavuja, sisi ndio tunaoweka ndoo kando ya piano, kwa hivyo tunajua. Lakini yakiondoka masaa yale matatu ya asubuhi, wanafunzi kumi na mmoja hawana pa kwenda, na baadhi yetu tuna mtihani mwezi wa kumi na moja.

Tunaomba tuachiwe hata hadi saa mbili tu. Tutafagia na kupanga viti kabla ya wapangaji kufika. Jumapili baada ya ibada tutawafundisha watoto wa Shule ya Jumapili sol-fa na kinanda bila malipo. Na mwezi wa kumi na mbili tutaimba jioni moja, sadaka yote iende kwa mabati.

Wazee, kamati ikikutana, tunaomba wawili wetu waitwe waje na ratiba. Sasa tunaketi, maana mwalimu ametukazia macho muda mrefu na tuna wimbo kabla ya chakula.